"Nimekutumia." "Sijaiona." Namna ya kulipanga upya sanduku lako la imeili

"Nimekutumia tangu juzi." "Mbona sijaiona?" Maneno haya nayasikia karibu kila siku kwenye stesheneri ninapofanya kazi, hapa Mwanga, Kigoma mjini. Leo ni mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi anayedaiwa profoma na mteja wake wa Bujumbura. Kesho ni kijana wa Kasulu anayebishana kwa simu na ofisi iliyomwita kwenye usaili. Aliyetuma anasema kweli, na asiyeona naye anasema kweli. Barua ilitoka, ikafika, kisha sanduku lenyewe likaamua pa kuiweka.

Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Imeili hizi tunazofungulia kwenye wavuti zinatuamulia mambo mengi sisi wenyewe hatujaulizwa: ipi ni taka, ipi ni tangazo, zipi zirundikwe pamoja, ipi ifutwe mwezi ukiisha. Maamuzi hayo yanamfaa mtu mwenye intaneti kutwa kucha, anayechungulia sanduku lake kila saa. Anayefungua mara moja kwa wiki, kwa bando la siku, yanamwumiza. Ila karibu yote yanabadilishika, na jioni moja inatosha kuyabadilisha. Nimetumia mfano wa Gmail kwa sababu ndiyo wengi wanaokuja kwangu wanayo. Yahoo na Outlook zina mambo yanayofanana, ingawa vitufe vyake vimekaa kwingine.

Anza kwenye kompyuta

App ya simu haina mipangilio yote. Vichujio, yaani maagizo ya kudumu unayoliwekea sanduku kuhusu barua za mtu fulani, kwa mfano, huwezi kuvitengeneza humo. Tafuta kompyuta, ya kwako au ya kuazima. Ikishindikana, fungua Chrome kwenye simu badala ya app, andika mail.google.com, gusa vidoti vitatu vya pembeni, chagua tovuti ya kompyuta. Maandishi yatakuwa madogo na utavutavuta kwa vidole, lakini kazi itafanyika.

Juu kulia kuna alama ya gurudumu lenye meno. Ibonyeze, kisha chagua kuona mipangilio yote. Mstari wa kwanza kabisa kwenye ukurasa unaofunguka ni lugha. Gmail ina Kiswahili, na kama unasoma mwenyewe bila msaidizi nakushauri uiweke, kwa sababu mtu anayebahatisha maana ya kitufe ndiye anayefuta asichokusudia. Ukibadilisha chochote kwenye ukurasa huu, shuka hadi chini kabisa uhifadhi. Wengi hubadilisha, wakaondoka bila kuhifadhi, kesho yake wakakuta mambo ni yaleyale.

Zitafute barua zilizofichwa

Kabla hujabadilisha kitu, angalia kilichokwisha kupotea. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika hivi, kwa Kiingereza hikihiki, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili:

in:anywhere

Kisha acha nafasi moja uandike jina la ofisi au mtu unayemsubiri. Utafutaji wa kawaida hauingii kwenye barua taka wala kwenye tupio. Huu unaingia kote.

Hapa sina budi kusema kwa uchungu. Mwaka jana alikuja dada mmoja aliyeomba kazi kwenye shirika linalohudumia wakimbizi kule Kasulu. Alikuja kuskani vyeti vyake upya ili aombe kwingine, maana alijua wale wamemkataa. Nikamwambia tuangalie kwanza. Barua ya kumwita kwenye mtihani wa mchujo ilikuwa imelala kwenye taka siku tisa, na mtihani ulikuwa umepita siku mbili. Aliisoma mara tatu kwenye skrini, akaniomba nimchapie nakala, akaikunja ndani ya bahasha ya vyeti. Tangu siku hiyo simskanii mtu cheti cha kuombea kazi kabla hatujafungua barua taka pamoja.

Kwa nini barua halali inatupwa huko? Ofisi inapotuma maneno yaleyale kwa waombaji mamia kwa mkupuo mmoja, mashine inaiona kama inavyowaona matapeli, kwa kuwa nao hutuma hivyohivyo. Na kama fundi wa ofisi hiyo hakuiwekea anwani yao uthibitisho kwamba kweli ni yao, mashine inazidi kuitilia shaka. Tangu Februari 2024 Google imeyakaza masharti hayo kwa wanaotuma kwa wingi. Mwombaji hana uwezo wa kuirekebisha seva ya ofisi ya watu. Anachoweza ni kuliagiza sanduku lake.

Agizo linatolewa hivi. Ukikuta barua nzuri kwenye taka, usiisome tu ukaiacha hapohapo. Ifungue, bonyeza kitufe cha juu kinachosema si taka, irudi kwenye kikasha, yaani pale zinapoingia barua zako za kawaida. Barua taka hujifuta zenyewe baada ya siku 30, na za kwenye tupio vilevile, kwa hiyo uliyoisoma leo ukaiacha huko utaitafuta usiione.

Kisha weka kichujio. Mwisho wa kisanduku cha kutafutia, upande wa kulia, kuna kialama cha vistari vyenye vidoti. Kibonyeze, fomu itafunguka. Kwenye nafasi ya mtumaji andika anwani ya ofisi unayoisubiri. Kama hujui ni nani ndani ya ofisi hiyo atakayekuandikia, andika sehemu inayofuata alama ya @ peke yake, na yeyote wa ofisi hiyo atapita. Bonyeza kuunda kichujio, weka tiki penye maneno ya kutoipeleka kamwe kwenye barua taka, weka tiki nyingine penye nyota kama unataka ionekane kwa mbali, maliza. Usiandike gmail.com peke yake kwenye kichujio hiki, maana utakuwa umewafungulia mlango matapeli wote wenye anwani za bure. Anwani rasmi za serikali yetu huishia na .go.tz, na hizo unaweza kuziingiza moja moja kadiri unavyoomba kazi, mkopo wa chuo au zabuni.

Fanya hivyo siku ileile unapotuma maombi. Ukisubiri hadi uanze kuwa na wasiwasi, umechelewa.

Kuna kabati jingine la kufichia, nalo ni vile vichupo vya juu: cha msingi, cha matangazo, cha kijamii. Viliingia mwaka 2013, na barua ya chuo au ya benki huangukia kwenye matangazo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kikasha, ondoa tiki zote ubakize cha msingi. Matangazo yatachanganyika na barua zako, ni kweli, na siku chache za mwanzo utakereka. Kila tangazo likija lifungue ubonyeze kujiondoa, na baada ya wiki mbili hivi sanduku litatulia.

Zifumue barua zilizorundikwa

Hili linawatesa zaidi mawakala wa mizigo pale bandarini kuliko watu wa kazi na vyuo. Gmail hukusanya barua ya kwanza na majibu yake yote kwenye mstari mmoja, hadi barua 100, mradi kichwa cha habari hakijabadilika. Mnaandikiana kuhusu shehena ya saruji inayokwenda Kalemie: bei, marekebisho ya bei, uzito, marekebisho ya uzito. Barua kumi na saba, mstari mmoja. Unafungua, unaisoma ya juu, unaijibu. Kumbe iliyobadilisha uzito ilikuwa ya kumi na nne, imefichwa kwenye kile kiduara kidogo chenye namba katikati, ambacho mtu hakioni asipoambiwa. Au unabonyeza kujibu kwenye barua ya katikati, na jibu linakwenda kwa mtu mwingine kabisa kati ya wale waliokuwa kwenye mazungumzo.

Kwenye mipangilio ya jumla tafuta mwonekano wa mazungumzo, uzime. Kila barua itasimama peke yake kwa tarehe yake, kama bahasha kwenye droo. Mimi nimeuzima na sijawahi kutamani kuurudisha, lakini najua wapo wanaoupenda kwa sababu unawapunguzia mistari. Ukitaka kubaki nao, basi jizoeze jambo moja: jambo jipya likianza, badilisha kichwa cha habari. "Saruji Kalemie – uzito mpya" itajitenga yenyewe na kuanza mstari wake.

Nafasi imejaa, na hukuambiwa vizuri

Gmail ilipoanza tarehe 1 Aprili 2004 ilitoa GB 1, wakati Hotmail ilikuwa ikitoa MB 2. Watu wakazoea kutofuta kitu. Leo unapewa GB 15, lakini hizo hazikai barua peke yake. Zinagawanywa kati ya barua, mafaili ya Drive, yaani ghala la mafaili la Google, na picha za Google Photos. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya unazohifadhi huko zinahesabiwa. Na tangu 2024 nakala za WhatsApp kwenye simu za Android nazo zikaanza kuingia kwenye hesabu hiyohiyo. Kwa hiyo video za harusi ulizotumiwa kwenye kundi la ukoo zinakula nafasi ya barua yako ya ajira.

Nafasi ikijaa, hupokei wala hutumi. Aliyekuandikia ndiye anayerudishiwa taarifa kwamba sanduku lako limejaa. Wewe kwako pamekaa kimya, unadhani hakuna aliyekuandikia.

Angalia kiasi ulichotumia kwa kuandika one.google.com/storage. Ukiona umekaribia, anza na WhatsApp, maana huko ndiko kwenye mzigo mkubwa: ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya kuhifadhi nakala za soga, ondoa video zisihifadhiwe, kisha hifadhi nakala mpya itakayochukua nafasi ya ile nzito. Halafu rudi kwenye barua, uandike:

larger:10M older_than:1y

Zitakuja barua zenye zaidi ya MB 10 zilizopita mwaka mmoja. Zipitie kwa macho kabla ya kufuta, na chochote chenye cheti, mkataba au stakabadhi kipakue kwanza. Ukitaka kufuta nyingi kwa pamoja, weka tiki kwenye kile kiboksi cha juu kushoto. Kitachagua zile za ukurasa ulio mbele yako tu, kwa kawaida 50. Juu ya orodha utatokea mstari mdogo wa kuuliza kama unataka zote zinazolingana na utafutaji wako. Bonyeza hapo, la sivyo utakaa hadi usiku ukifuta hamsini hamsini.

Ukishafuta, nenda kwenye tupio ulimwage. Barua iliyo kwenye tupio bado inahesabiwa.

Kutuma bila kukataliwa

Kikomo cha viambatisho ni MB 25. Kikizidi, Gmail hupakia faili kwenye Drive na kumtumia mwenzako kiungo. Kabla barua haijaondoka hukuuliza nani aruhusiwe kulifungua, na mwenye haraka hubonyeza bila kusoma. Afisa ajira anabonyeza kiungo, anakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa. Ana maombi mia mbele yake, hataomba ruhusa. Atafungua la anayefuata.

Hata chini ya MB 25 hujasalimika. Faili likifungashwa kwa safari huongezeka kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo lenye MB 9 husafiri likiwa na kama MB 12. Seva ya ofisi iliyowekewa kikomo cha MB 10 italirudisha. Mimi nawaambia wateja wangu wasivuke MB 5 kwa maombi yote.

Inawezekana kabisa. Tatizo ni kupiga vyeti picha kwa simu, ambapo kila picha ina MB tatu au nne na pembeni inaonekana meza na kidole gumba. Nenda kwenye skana, mwambie anayeskani maneno haya: dpi 200, kijivu, PDF moja. Kurasa nane zitakaa vizuri na mhuri utasomeka. Kisha muombe aliite faili kwa jina lako na neno vyeti, lisiende likiitwa scan0001, kwa maana huko linakokwenda yapo mengine mengi ya jina hilo.

Ukiwa bado kwenye mipangilio ya jumla, tafuta pa kutengua kutuma. Umepewa sekunde 5. Ziongeze hadi 30, ndiyo mwisho wake. Barua inashikiliwa kwa muda huo kabla ya kuondoka, na hapo ndipo mtu hukumbuka kwamba hajaambatisha barua ya utambulisho. Ikishapita haiitiki tena.

Kutuma kwa ratiba ni kitu kizuri kwa anayeandika usiku akitaka barua ifike asubuhi, ila angalia saa. Mfumo unahesabu kizungu. Mzee mmoja wa Ujiji, mwalimu mstaafu anayefuatilia mafao yake, alipanga barua iende 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi. Ikaenda saa nane usiku. Haikumharibia kitu, lakini alihangaika sana akidhani kuna mtu ameingia kwenye akaunti yake. Saa mbili asubuhi kwao ni 8:00. Ongeza au punguza sita, na uangalie pia kama umeweka asubuhi au jioni.

Kwenye simu, bando likiisha katikati, barua hukwama kwenye sanduku la zinazosubiri kutoka. Mtu ameona skrini imefunga akaamini imekwenda. Usiamini skrini. Gusa mistari mitatu ya juu kushoto, ingia kwenye zilizotumwa, uione barua yako pale na saa yake. Kama haipo, haijaenda.

Na kwa wale waliokuwa wakitumia ule mwonekano mwepesi wa zamani, uliokuwa ukifunguka hata mtandao ukiwa dhaifu: uliondolewa mwanzoni mwa 2024. Mbadala wake kwenye kompyuta yako mwenyewe ni kuwasha matumizi ya nje ya mtandao, kwenye mipangilio, kwa kutumia Chrome. Unachagua barua za siku 7, 30 au 90 zikae ndani ya mashine, unasoma na kuandika bila intaneti, na ulizoandika zinaondoka mtandao ukirudi. Usiwashe kitu hiki kwenye kompyuta ya duka au ya ofisi. Barua zako zitabaki humo.

Barua za mtu mwingine zinakuja kwako

Mara kwa mara nafuatwa na mtu anayedhani ameibiwa akaunti kwa sababu anapokea risiti za mtu wa jina kama lake. Gmail haihesabu nukta zilizo kabla ya @. Jina lenye nukta katikati na jina hilohilo bila nukta ni sanduku moja. Yule mwenzako ameandika anwani yake vibaya mahali fulani, basi. Wewe hujaingiliwa. Ila na wewe uhakikishe umeandika yako sawasawa kwenye fomu zako.

Funguo

Nimeliweka mwisho kwa kuwa linafanyika haraka ukishakuwa ndani. Akaunti nyingi ninazoona zimefungwa milele zimefungwa na laini ya simu. Ulijiandikisha kwa namba fulani miaka sita iliyopita, laini ikapotea, ikakaa bila kutumika, mtandao ukaifunga na kumpa mtu mwingine namba hiyo. Sasa umesahau neno la siri, na mfumo unatuma tarakimu za kukuthibitisha kwenye simu ya mtu usiyemjua.

Ingia myaccount.google.com, sehemu ya usalama. Badilisha namba iwe ile unayotembea nayo. Ongeza imeili ya pili, hata ya mume, mke au mtoto unayemwamini. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuombwa uthibitisho wa pili baada ya neno la siri, kisha uombe misimbo ya akiba, ndiyo tarakimu za kuingilia simu isipokuwepo. Utapewa 10, kila mmoja una tarakimu nane na unatumika mara moja tu. Ichapishe au iandike kwa kalamu, uiweke kwenye bahasha pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ukija kuomba mingine, ile ya zamani inakufa, kwa hiyo chana karatasi ya kwanza isije ikakuchanganya.

Akaunti isiyofunguliwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo. Kama mama yako ana imeili uliyomfungulia kwa ajili ya jambo moja, ingia siku moja moja usome barua humo.

Ukimaliza haya kwenye kompyuta isiyo yako, shuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa kikasha, kulia, penye neno dogo la maelezo. Patafunguka orodha ya mahali akaunti yako ilipo wazi. Bonyeza kutoka kwenye nyingine zote, kisha rudi kwenye picha yako juu kulia na utoke na hapo ulipo. Funga Chrome, ifungue tena, uandike mail.google.com. Ikikuomba neno la siri, inuka uende zako.